Mtani Niliyemfukuza Wodini

Siku ile naikumbuka kwa vumbi, mwanangu. Nilishuka Ruangwa nikiwa mwekundu toka nywele hadi kandambili, natoka Tunduru kuchimba mawe ya thamani ambayo sikuyapata. Nilikuwa na miaka thelathini na moja. Shule niliiacha darasa la tano, na tangu hapo nilikuwa utingo wa lori, mpika chapati, mlinzi, na kazi nyingine ambazo hazikumaliza mwaka. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, nami niliuliza kila kitu: kwa nini injini ya dizeli haina plagi, kwa nini nyuki hapotei njia. Swali moja tu ndilo lililonishinda.

Baba alikuwa amelazwa hospitali ya pale. Dada yangu Somoe, aliyebaki naye kijijini kwetu Narung'ombe miaka yote niliyokuwa nazurura, alikuwa ameketi nje ya wodi pamoja na baba zetu wadogo wawili. Daktari, binti mpole, alituita pembeni.

"Moyo wa mzee umechoka sana," alisema. "Ukisimama, tunaweza kumkandamiza kifua kwa nguvu na kumwekea mpira wa kupumulia. Kwa hali yake, sitegemei kwamba hilo litamrudisha, na mbavu zinaweza kuvunjika. Au tumwache aende kwa utulivu. Dawa na hewa tutaendelea kumpa, hatumtupi. Je, mzee mwenyewe angependa nini?"

Kwetu, mwanangu, kifo hakitajwi mbele ya mgonjwa, na mtoto atakayesema "mwacheni" ataulizwa msibani alikuwa na haraka gani. Somoe aliinama akakunja pembe ya kanga. Basi mimi, niliyefika saa ile ile, ambaye sikuwahi kumshika baba hata mkono akienda msalani, nikapaza sauti: "Fanyeni yote! Kandamizeni! Mpelekeni hata Dar!" Debe tupu haliachi kuvuma.

Sauti haijatulia, akaingia mwanamke mmoja mnene na ungo kichwani, akapita moja kwa moja mpaka kitandani kwa baba.

"Hee! Huyu Mmwera bado yupo? Nimekuja na kamba nipime kaburi, maana nyie kwa kuchimba vifupi mnajulikana. Miguu ya marehemu inabaki nje kama mihogo!"

Damu ilinipanda. Nikamshika mkono nikamtoa mpaka getini. "Baba yangu si wa kufanyiwa mzaha!"

Hakukasirika. Aliuweka sawa ungo wake akaniangalia. "Natoka, kijana. Lakini nilichokuja kumuuliza, utamuuliza wewe?"

Asubuhi yake baba alinyoosha kidole, nikasogea.

"Yule uliyemtoa unamjua?"

"Kichaa mmoja, baba."

"Mama Komba. Mngoni, mtani wangu tangu wewe hujazaliwa." Alivuta pumzi, akapumzika, akavuta tena. "Umeona migodi, umeona treni, hujui mtani ni mlango wa uani? Neno lisilopita mbele, linapita huko. Nina neno. Kwenu halisemeki. Kamlete."

Nilipanda bodaboda mpaka Nambambo, upande wa Nachingwea, roho mkononi. Njia nzima nilihesabu pumzi zake kichwani: zikikatika kabla sijarudi, watamkandamiza kwa kauli yangu, na neno lake atakwenda nalo.

Nilimkuta Mama Komba uani anapeta ufuta. Nikapiga magoti, nikaomba radhi. Akanipa ungo. "Peta kwanza." Nikapeta, nusu ya ufuta ikaruka kwa kuku.

"Mwanamume mzima!" alicheka. "Ndiyo maana pumba na punje kwako ni kitu kimoja. Haya, twende, asije akanitoroka."

Tulipofika, alimwita daktari, akatuita na sisi, akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Mzee, sikiliza. Moyo wako ukizima, mwanao huyu mwenye vumbi anataka ukandwe kifua kama unga wa maandazi. Unataka kuwa andazi?"

Baba alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema, taratibu, kila mtu akasikia: "Ukizima, uzime. Nirudisheni Narung'ombe, nisikie ufuta unavyomwagwa kwenye turubai."

"Na huyu mpiga kelele?"

"Mwambieni sina kinyongo naye. Zile ni kelele za mtu aliyechelewa kurudi."

Hapo nililia, mwanangu, mbele ya wodi nzima. Daktari alimuuliza baba mwenyewe tena, polepole, kisha akaandika kwenye faili. Somoe aliiachia pembe ya kanga. Hakuna aliyekuwa wa kulaumiwa. Mwenye mwili amesema.

Tulirudi naye nyumbani na dawa zake. Alisikia ufuta wote wa msimu ule, akaishi mpaka mikorosho ikatoa maua. Alasiri moja aliomba uji, akanywa vijiko viwili, akalala. Nilikuwa nimemshika mguu, na sikupiga kelele. Msibani Mama Komba alivaa kofia ya baba, akaigiza mwendo wake na kikohozi chake, tukacheka huku machozi yanatutoka.

Mimi mwenyewe sasa nina mvi, na moyo wangu nao umeanza kusitasita. Ndiyo maana nakwambia. Muulize mzee wako angali na sauti. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mficha neno naye ni vivyo hivyo. Daktari akikuuliza swali lile, usidhani amekata tamaa au anamtakia mzee wako mabaya. Kutokandamiza kifua si kuacha kutibu. Mwingine atasema, "Nikandeni mpaka mchoke". Hilo nalo ni neno lake, liheshimu. Na ukitoka mbali, keti kwanza chini, umsikilize aliyekuwa akifua mashuka ya mgonjwa.

Langu nimeshamwambia binti yangu, na nimemwambia mtoto wa Mama Komba, ambaye sasa ndiye mtani wangu. Ameahidi kuniigiza vibaya sana.

Mungu akupe wazee wanaosema, nawe akupe sikio la kuwasikia. Safari zako ziwe ndefu, na kurudi kwako kuwe mapema. Amina, mwanangu.