Kompyuta Iliyonguruma Chumbani kwa Wifi

Kaka yangu anafundisha watu kuendesha magari, na akiwa kazini ana subira ya ajabu. Mwanafunzi akipanda ukingo wa barabara, yeye humwambia pole, turudi nyuma taratibu. Subira hiyo huiacha ndani ya gari. Nyumbani ni mjuaji, msemaji, na mtunzaji wa vitu kiasi cha kukera. Makochi yake bado yamevaa nailoni yaliyotoka nayo dukani. Ukikaa na jasho, unanasa. Rimoti ya televisheni imo ndani ya mfuko, vitufe tunavibonyeza kwa kubahatisha. Ukimwambia aitoe anakujibu, "Kitu kipya hakivuliwi nguo." Mimi ni mdogo wake, naishi kwake, na nimechoka.

Mkewe, yaani wifi yangu, husoma vitabu kwa sauti na kuvirekodi kwa ajili ya shule ya watoto wasioona. Ana chumba kidogo cha nyuma, maikrofoni mezani, kompyuta chini karibu na miguu. Anasoma vizuri mpaka unasahau chungu jikoni. Lakini feni inayopoza prosesa, ubongo wa kompyuta hiyo, ilikuwa ndogo na yenye kiherehere: programu ya kurekodi ikifunguka tu, inaanza kunguruma kama mashine ya kusaga. Mhariri anayepokea rekodi hizo alivumilia mpaka uvumilivu ukamwishia. Akapiga simu kusema kwamba sura ya kwanza ya kitabu kipya ikija na mngurumo, kitabu kitapewa msomaji mwingine. Wifi alikata simu akalia, maana kazi hiyo anaipenda kwelikweli.

"Unalilia feni?" kaka akamwambia. "Nitabadilisha mwenyewe. Fundi wa nini?"

Nilimfuata dukani kwa sababu namjua. Kosa la kwanza, lakini, lilikuwa langu. Nilimwambia muuzaji, "Tunataka feni ya kompyuta ya wifi, isiyopiga kelele." Akaingia ndani, akatoka na kisanduku chenye antena mbili.

"Dada, wifi hii haina feni kabisa. Kimya mwanzo mwisho."

"Wifi yangu! Mke wa kaka!"

"Aa, wifi mtu," akasema, akakirudisha.

Akatuuliza aina ya prosesa na nafasi iliyopo kutoka kwenye bodi hadi mfuniko wa ubavuni. Bahati nzuri nilikuwa nimepima kwa rula, kwa maana kaka alikuja na makadirio ya vidole. Muuzaji akaleta feni pana iliyokaa juu ya mapezi ya chuma.

"Nimekwambia kimya, unaniletea pangaboi?" kaka akafoka.

"Mzee, kubwa inazunguka polepole. Ndogo ndiyo inayokimbia, na kule kukimbia ndiko kunakopiga kelele."

Kaka akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Maneno hayohayo nilikuwa nimemwambia nyumbani akaniita mtoto. Hata hivyo alivutiwa na nyingine, ndefu kuliko kipimo nilichochukua, na nilipomwambia kwamba mfuniko hautafunga, akasema tutautoboa. Nilimvuta shati. Tukachukua ile pana na fupi, ambayo vishikizo vyake vilifaa bodi yetu.

Nyumbani akatandika taulo mezani. Haki yake nampa: feni ya zamani aliitoa bila kuvunja kitu, akafuta grisi kuukuu ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa, akaweka mpya, tone la ukubwa wa punje ya choroko. Akakaza skrubu kwa kupishanisha kona. Mimi nilishika tochi. Karatasi ya maelekezo alikuwa ameikalia, na kila nilipoiomba alisema haraka haraka haina baraka.

Tukawasha. Kimya. Wifi akainama, akatega sikio, akacheka. Hajamaliza kucheka, kioo kikawa cheusi.

Tukawasha tena, ikazima tena. Kaka akalaumu umeme. Akamlaumu muuzaji. Mwisho akanilaumu mimi, eti tochi niliishika vibaya. Wifi alikuwa amekaa kitandani, kitabu mapajani.

"Baba watoto, natakiwa nitume kesho," akasema.

"Tulia, mke wangu. Inajizoesha."

Inajizoesha! Nilimnyang'anya bisibisi, nikafungua. Chini ya ile feni, pale panapopaswa kugusana na prosesa, palikuwa na karatasi ya nailoni, grisi imetapakaa juu yake, na maandishi mekundu: ONDOA KABLA YA KUFUNGA.

"Kaka, hii ni nini?"

"Nailoni."

"Imeandikwa nini?"

"Niliisoma. Sasa shaba ya kitako chake inang'aa vile, niivue ichubuke?"

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Huyu aliambiwa, tena kwa herufi nyekundu, na bado akaziba njia ya joto kwa mikono yake, kompyuta ikawa inachemka na kujizima. Nilitamani kumrushia taulo. Wifi alisogea, akaibandua nailoni mwenyewe, akaifinyanga kuwa kidonge na kukitupa dirishani. Tukafuta, tukaweka grisi nyingine, tukafunga. Mara hii kompyuta ikawaka na kubaki imewaka, kimya mpaka nikasikia saa ya ukutani. Wifi akatutoa nje, akafunga mlango, akasoma sura nzima na kuituma.

Siku ya pili mhariri akapiga. Wifi akaweka simu kwenye spika.

"Mama, safi sana. Mngurumo umekwisha. Kitabu ni chako."

Nilipiga kigelegele. Kaka akavuta kola ya shati kama bwana harusi.

"Ila naomba urudie sura hiyo. Pale mgonjwa anapokata roho, kuna mwanamume anasikika nyuma, vizuri kabisa, akisema, 'Nimefunga mwenyewe, kwa mikono yangu hii! Fundi wa nini?' Ni nani huyo?"

Kaka akageukia ukuta. Kumbe wakati wifi anarekodi na mimi nanyata ndani ya nyumba, yeye alikuwa nje ya dirisha la chumba kile anamtambia jirani.

Wifi alimshukuru mhariri, akakata simu, akamtazama mumewe.

"Feni ya kimya nimeshapata, baba watoto," akasema. "Sasa wewe nikununulie nini?"