Mlima wa Kundi la Nne

Nilimpiga mwalimu mkuu kwa kengele ya shule. Ilikuwa kengele ya shaba yenye mpini wa mti, ile ya kuwaita watoto mstarini, na ilikuwa mezani pake karibu na mkono wangu. Nilimpiga mara moja, juu ya sikio, nayo ikalia. Watoto wa darasa la pili waliokuwa uwanjani wakakimbia kupanga mstari.

Mpaka dakika ile nilikuwa nimevumilia. Nimekaa kwenye kiti cha wageni, magoti pamoja, kama masista walivyotufundisha. Alinisukumia karatasi akasema wazazi wengine wote wa Kundi la Nne wameshatia sahihi, nimebaki mimi. Karatasi ilisema mambo mawili. La kwanza, kwamba binti yangu alivunjika vidole kwa kuanguka kutoka juu ya dawati. La pili, kwamba magazeti yaliyotumika kutengenezea mlima wa darasani yaliletwa na mwalimu wa jiografia mwenyewe, kwa hiari yake, bila mzazi yeyote kujua.

La kwanza ningelitia sahihi. Miaka ile tulitia sahihi uongo mkubwa kuliko huo. Lakini mwalimu wa jiografia alikuwa amepandishwa kilimani siku tano zilizopita, na kila mtu mjini alijua ni kilima gani na watu hufanywa nini huko. Na magazeti yale niliyapeleka mimi. Mimi, kwa mikono hii, nikiwa nimeyafunga kwa kamba ya mgomba.

"Tia tu, nyabo," mwalimu mkuu alisema, akiniita bibi kwa Kiganda. "Huyo kijana ameshakwisha. Wewe una mtoto."

Ameshakwisha. Ndipo nikachukua kengele.

Nieleze habari ya magazeti, kwa sababu mtu ambaye hakuishi Kampala wakati ule atadhani nilikuwa mjinga. Nilikuwa na miaka ishirini na minane. Baba yangu aliletwa na kazi ya reli kutoka Kisumu, mimi nikazaliwa hapa, nikasoma mpaka kidato cha nne, nikawa mpiga chapa katika duka la Mhindi kule Nakivubo. Wahindi walipofukuzwa, duka akapewa kapteni mmoja, akauza mashine za chapa wiki ya kwanza na rafu za ukutani wiki ya pili. Baba wa mtoto wangu alikwenda Kenya kutafuta kazi, na huko ndiko aliko. Nikaanza kukaanga mandazi Wandegeya, wateja wangu wanafunzi wa chuo kikuu.

Mandazi hufungwa kwa gazeti. Na gazeti la siku zile lilikuwa na uso wa Rais ukurasa wa kwanza, ukurasa wa tatu, na mara nyingi ule wa mwisho: anakagua gwaride, anaogelea, anabeba mtoto wa mtu. Mama mmoja wa soko letu alimfungia askari samaki kwa uso ule bila kuangalia. Askari alimlisha karatasi yote, pamoja na miiba, sisi tukisimama tunatazama. Tangu siku hiyo wanawake wote wa pale tulikuwa na desturi moja. Asubuhi, kabla ya kuwasha moto, unapekua gazeti, unachomoa kurasa zenye uso, unaziweka kando. Za mpira na za matangazo ya vifo ndizo za mandazi.

Sasa zile za kando uzipeleke wapi? Kuchoma huthubutu, jirani anaona. Chooni ndiyo usiseme. Mimi nilizilaza chini ya godoro. Baada ya mwaka godoro lilikuwa na nundu, mimi nimelala upande huu wa nundu na binti yangu upande ule.

Mwalimu wa jiografia alikuwa kijana mwembamba, mwenye baiskeli na suruali moja. Alichukia kukaririsha. Alisema watoto wanaweza kukutajia urefu wa milima yote ya Uganda kwa mita, lakini ukiwauliza kwa nini kule juu kuna baridi, wanajibu ni kwa sababu ya kivuli. Basi akaligawa darasa katika makundi manne, kila kundi lijenge mlima wake kwa mikono. Kundi la Kwanza lilijenga Elgon kwa udongo wa mfinyanzi. La Pili lilijenga Muhavura kwa mawe na majivu. La Tatu, Moroto kwa unga wa mbao. Kundi la Nne, la binti yangu, lilipewa Ruwenzori, mkubwa kuliko yote, kwa waya wa banda la kuku na karatasi iliyolowekwa katika uji wa muhogo.

Binti yangu alirudi nyumbani akasema mwalimu anataka magazeti ya zamani, mengi kadiri yatakavyopatikana. Nikaangalia godoro. Nikafikiri: yatalowekwa, yatapondwa, yatapakwa rangi, nani atajua. Usiku ule nilipumzika mgongo kwa mara ya kwanza katika mwaka mzima.

Wiki tatu sikusikia habari nyingine. Walikuwa watoto sita, na walipigana kila siku. Binti yangu alirudi na uji mkavu kwenye nyusi, akanieleza kwamba mgomba hauwezi kuota juu ya hapa, na kahawa hapa, na mianzi pale, halafu hakuna kitu ila mawe na theluji, na aliyesema theluji inaanza chini zaidi alipigwa mwiko. Aliyepigwa mwiko alikuwa rafiki yake wa damu, binti wa sajini mmoja wa jeshi. Kabla ya kupaka rangi waliumwagia mlima maji ya birika ili waone wenyewe mito itapita wapi. Maji yalipita mahali ambapo hakuna aliyetarajia, wakagombana upya. Binti yangu alikuwa na jukumu la vilele. Yule rafiki yake alijenga bonde la upande wa nyuma, linaloteremka kwenda Kongo.

Rangi ndiyo iliyowashinda. Madukani hakukuwa na sabuni, sembuse rangi. Walisaga majani wakapata kijani, wakaomba chokaa kwa fundi wakapata theluji, ikatosha upande wa mbele tu. Upande wa nyuma wakauegemeza ukutani.

Siku ya wazazi tulijaa darasani, watu kama arobaini. Sajini alikuja na sare yake. Nitasema kweli, alikuja na furaha. Mkono mmoja aliuweka begani kwa bintiye. Alimuuliza mwalimu kama askari akipelekwa kule juu atapumuaje, na mwalimu akamjibu vizuri, kwamba apande taratibu, alale njiani, asijione mwanamume sana. Sajini akacheka. Sisi sote tukacheka, kwa sababu sajini alicheka.

Kisha bintiye akamvuta mkono, akamwambia aje aone bonde lake. Yeye na binti yangu wakaisogeza meza kutoka ukutani.

Uji wa muhogo ukikauka hung'aa kama vanishi. Upande wote wa nyuma wa Ruwenzori ulikuwa Rais. Sikio hapa, nusu ya tabasamu pale, na nishani zimeteremka mteremko mzima mpaka bondeni.

"Hii nani?" sajini aliuliza, kwa sauti ndogo.

"Ni Rais, baba," bintiye alisema. Alidhani anaulizwa swali la darasani.

"Nani naleta hii?"

Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Nilikuwa na jibu mdomoni, ulimi umeshalishika. Mwalimu alikuwepo siku nilipoleta furushi, alilipokea yeye mwenyewe, akaniambia asante mama. Hakunitazama.

"Mimi, afande," alisema.

Sajini alichukua fimbo ya kuonyeshea ramani akampiga nayo mdomoni. Ikavunjika. Akampiga na kile kipande kilichobaki, akampiga ngumi, na mwalimu alipoanguka kati ya madawati akamfuata kwa kiatu. Alikuwa anasema wameuchana uso, wameuchana uso, wameutia kwenye uji. Halafu akaugeukia mlima wenyewe. Aliuvuta kutoka mezani ukaanguka, akaanza kuukanyaga.

Binti yangu akaingia chini. Wiki tatu alikuwa amejenga vilele vile, akanyoosha mkono kuviokoa, na kiatu kikashuka juu ya mkono. Hapo sitasema sajini alikusudia, hasira ilikuwa imemfunga macho. Mara ya pili aliangalia chini, akaona mkono, akakanyaga. Vidole viwili vililia kama ubao wa plaiwudi. Mpaka leo havikunjiki.

Wazazi arobaini walikuwa wanasoma ubao wa chaki. Mimi nilimshika mtoto kiunoni nikamvuta, basi, hayo tu ndiyo niliyofanya. Mwalimu alikokotwa kwa miguu mpaka nje. Darasa lile lina ngazi tatu, na kichwa chake kilizigonga zote tatu. Alitiwa kwenye buti la gari, mchana, jua likiwaka. Na mimi bado nilikuwa sijasema neno.

Kwa hiyo kengele.

Mwalimu mkuu alikuwa sakafuni, ameshika sikio, damu inapita kati ya vidole, anasema utaniua, nyabo. Nilimwambia simuui, namkumbusha tu. Pembeni ya ofisi kulikuwa na gunia lenye mabaki ya mlima, linangoja mpishi alichome. Nikalibeba. Sikuwa na mpango wowote. Mtoto alikuwa anauliza vilele vyake kila siku, mkono ukiwa kwenye plasta.

Nyumbani nililimwaga gunia sakafuni. Binti yangu akaanza kuchambua kwa mkono wa kushoto, kama anayechagua mchele. Akanipa kipande bapa, ukubwa wa sahani.

"Mama, hiki kilikuwa kilele, upande wa nyuma. Sasa angalia."

Lilikuwa shavu la Rais, kubwa, la ukurasa wa kwanza. Juu ya shavu, kwa matope makavu, alama ya soli ya kiatu cha jeshi. Misumari yote unaweza kuihesabu. Nilikiangalia muda mrefu. Watu arobaini waliona, na mimi niliona, na hakuna aliyeona.

Kesho yake nilikwenda kwenye duka la kupiga chapa hapo Wandegeya, pale wanapowachapia wanafunzi, nikaazima mashine. Niliweka karatasi tatu na kaboni mbili. Vidole vilikuwa havijasahau kazi. Kutoka hapo nilikwenda kituo cha polisi moja kwa moja, barua na kile kipande cha mlima mkononi, kabla mwili haujanigeuka.

Kwenye kaunta alikuwepo koplo wa makamo, mtu wa mashariki, Kiswahili chake safi. Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, akarudia. Kisha akainama kama anayetafuta kalamu.

"Dada, unajua hii itamfanya nini sajini?"

"Alichotaka kumfanya mwalimu."

"Ana watoto."

"Mmoja namjua. Anakula kwangu."

Akakigusa kile kipande cha mlima kwa ncha ya penseli, akaondoa penseli haraka. Akaniambia nikichukue, nirudi nyumbani, yeye hajaniona. Nikamwambia vizuri, basi aandike hapo chini kwamba ameletewa shavu la Rais lenye alama ya kiatu, akakataa kulipokea, halafu atie sahihi. Alinitazama. Nadhani alinichukia, na alikuwa na haki. Akavuta muhuri, akagonga nakala zote tatu.

Mwalimu alitupwa kando ya barabara siku ya nne baada ya hapo, bila meno ya mbele, kiatu kimoja. Yuko hai. Hafundishi tena. Sajini hakuonekana tena, wala kambini wala kwake. Dawati la bintiye lilibaki tupu, na najua ni nani aliyelifanya tupu. Mkewe aliwahi kuja mpaka ng'ambo ya jiko langu la mandazi, akasimama ananitazama tangu asubuhi mpaka mafuta yakaisha. Hakununua, hakutukana. Binti yangu haniulizi rafiki yake yuko wapi, na hilo ndilo linalonipiga kuliko kama angeuliza.

Shemeji yangu husema ningeacha mambo yajiishie. Yalikuwa yanajiishia, tena kwa mtu asiye na kosa. Barua ile ningeipiga chapa tena kesho asubuhi. Nakala ya kaboni ninayo, imekunjwa katika cheti changu cha shule, nayo inasema hivi:

Kwa Mkuu wa Kituo.

Yahusu: Kukanyagwa kwa picha za Mtukufu Rais.

Mimi, mwuza mandazi, mkazi wa Wandegeya, natoa malalamiko rasmi kama ifuatavyo.

Kwamba kwa muda wa mwaka mmoja nilihifadhi picha za Mtukufu Rais nyumbani kwangu, mahali ninapolala, ili zisipate mafuta.

Kwamba picha hizo nilizipeleka shuleni mimi mwenyewe, wala si mwalimu wala mtu mwingine yeyote, nazo zikawekwa juu ya mlima mrefu kuliko yote katika nchi hii.

Kwamba siku ya wazazi, mbele ya watu wapatao arobaini, sajini aliyetajwa katika karatasi iliyoambatishwa alizitupa picha hizo chini na kuzikanyaga kwa viatu vya serikali, mara nyingi, huku akiutambua uso na kuutaja.

Kwamba mtoto wa miaka kumi na mmoja aliweka mkono wake juu ya picha ili kuikinga, na sajini akakanyaga mkono na picha kwa pamoja, mara mbili, vidole viwili vikavunjika.

Kwamba mwalimu anashikiliwa kwa kosa lisilo lake.

Kielelezo: kipande kimoja cha mlima, chenye shavu la kushoto la Mtukufu Rais na alama ya soli.

Naomba kiatu kiletwe, kipimwe.