Kimoja Tu

Dada yangu anafundisha fizikia, na wanafunzi wamempachika jina la Kimoja Tu. Amejitakia mwenyewe. Kila jaribio linapoanza hupita kati ya meza ameinua kidole: "Badilisheni kimoja tu! Vingine vyote vikae kama vilivyo." Hata nyumbani ndivyo alivyo. Tulipokuwa wadogo, mama akitugawia juisi, yeye aliinama hadi jicho likawa usawa wa glasi, na yake ikizidi alinimiminia mimi. Nilidhani ni upendo. Baadaye nikahisi kwamba hapendi tu kitu kisicho sawa, na kwa miaka mingi sikujua kama hayo ni mambo mawili au moja.

Mwaka huu binti yangu yumo darasani kwake. Nyumbani humwita Mama Mkubwa, shuleni Mwalimu, na akijisahau huulizwa, "Mama mkubwa wa nani hapa?"

Kila kundi lilitakiwa kubuni jaribio: kurusha gololi kwa manati na kuona pembe inavyobadilisha umbali wake. Kundi moja lingekwenda kwenye maonyesho ya sayansi, na binti yangu aliyataka maonyesho hayo hadi akawa hali chakula vizuri. Kundi lake lilifunga manati kwenye ubao, likaulaza mchangani ili gololi ianze na kuishia usawa mmoja. Gololi ileile, mpira ukavutwa hadi alama ileile. Walianza na pembe ndogo wakapanda taratibu. Kitabu kinasema gololi ya nyuzi thelathini na ya sitini huangukia mahali pamoja. Yao ya sitini ilianguka karibu zaidi, kila walipojaribu.

Jumapili dada alikuja kwangu. Binti hakungoja hata avue viatu.

"Mama Mkubwa, sitini inanigomea."

"Pole."

"Pole tu? Si uniambie tumekosea wapi!"

"Na wenzako je? Nao wana mama mkubwa wa kuwatembelea Jumapili?"

Niliudhika. "Dada, huyu ni mtoto wako. Neno moja litakupunguzia nini?"

"Litakuwa neno langu, si lake," akasema, macho kwenye kikombe. Aliondoka mapema, chai imebaki nusu.

Kesho yake aliandika ubaoni, kwa makundi yote: *Ni kitu gani kingine kimebadilika bila ruhusa yenu?*

Binti alilitafuna swali hilo siku kadhaa. Kisha asubuhi moja, akifunga nywele kwa mpira wake wa zamani, mpira ukateleza, nywele zikamwagika. Akasimama pale mbele ya kioo, akiuvuta na kuuachia.

"Mama! Mpira unachoka!"

Ndivyo ilivyokuwa. Pembe ndogo zilipata mpira wa manati ungali mpya, kubwa zikaachiwa mpira uliolegea. Wakabadilisha mpira, wakaandika pembe kwenye vikaratasi, wakawa wanaziokota kwa bahati kutoka kikombeni badala ya kuzifuata kwa mpangilio, na mwishoni wakairudia ile ya kwanza kuhakikisha mpira haujawasaliti.

Dada hakukubali kuchagua mshindi. Alimwachia mwalimu wa baiolojia, naye akachagua kundi la binti yangu. Hapo ndipo dada aliposema: "Warudie mbele ya wote. Wakishindwa, nafasi inakwenda kwa wengine."

Nilifika siku hiyo kwa kisingizio cha kumletea binti mwavuli. Wanafunzi walikuwa wameuzunguka mchanga, na msichana mmoja wa kundi jingine alikuwa akilalamika wazi: "Mwalimu, mbona huyu unamkamia? Sisi hukutuambia turudie!"

Gololi ya thelathini ikarushwa, ikawekewa kijiti. Ya sitini ikapanda juu sana, ikashuka. Dada akapiga magoti na utepe wa kupimia. Akakaa hivyo kidogo, kisha akasimama bila kupima, akampa utepe yule mlalamikaji.

"Pima wewe. Mkono wangu unamwegemea huyu."

Darasa likaangua kicheko. Binti yangu akatazama viatu vyake. Mimi nikaikumbuka ile glasi ya juisi, nikageuka kando kidogo.

"Zimepishana upana wa kidole!" msichana akatangaza, na kwa sauti ya mtu aliyeshindwa kununa akaongeza, "Haya, nendeni."

"Asante, Mama Mkubwa," binti yangu akasema, mbele ya darasa zima.

Dada alikuwa akikung'uta mchanga magotini. Hakuuliza mama mkubwa wa nani.