Chetezo cha Ridha

"Bibi, leo usinitungie! Leo sitaki hadithi!"

Shamima alikuwa kasimama mlangoni mwa chumba, mkoba wa nguo za mtoto begani. Mie nimekaa kwenye mkeka, mguu nimeunyoosha kizingitini asipite. Miaka yangu hii, silaha niliyobaki nayo ni mguu.

"Situngi, mwanangu. Ni mie."

"Ni wewe nini?"

"Ni mie niliyempulizia mtoto. Mumeo hana kosa. Ridha kaapa kweli."

Akacheka. Afadhali angenipiga.

"Na lile jini lililotoka chumbani kwa Bi Zulekha likipiga chafya, likakuuliza njia ya kwendea Kojani, nalo kweli?"

"Lile..." Nikavuta pindo la kanga. "Lile nililitia chumvi kidogo."

"Na pweza aliyepanda ngazi akanywa uji wa mzazi?"

"Mwache pweza, Shamima."

"Basi na hili ni pweza. Ridha kakupigia simu, kakulilia, na wewe unampenda kuliko unavyonipenda mimi. Toa mguu, bibi. Mtoto akiamka tu nakwenda Madungu kwa mama yangu, na talaka yangu nitaidai huko huko."

Mguu sikuutoa. Lakini uso niliuinamisha, kwa sababu lile la chumvi lilikuwa haki yake.

Mie nimezaliwa Kojani, skuli nimeiona kwa nje, nikaletwa Jadida kuolewa sijamaliza kuota meno ya akili. Kazi niliyoifanya hapa mjini Wete ni moja: kufukiza wazazi. Mwanamke akijifungua, naitwa. Arobaini nzima nakwenda asubuhi na jioni na chetezo changu cha udongo, makaa, udi na ubani. Nguo zake nazifukiza, nywele nazifukiza, na mtoto nampitisha juu ya moshi mara tatu nikimtajia Mtume. Shamima mwenyewe nilimpitisha hivyo, na mama yake kabla yake. Ukipita mitaa ya Jadida ukaona mtu mzima ana nywele kichwani, kuna uwezekano mkubwa nilimshika uchi.

Sasa mzazi wa siku ya tano ana maumivu, amechoka, kafungiwa ndani, mume haonekani. Utamwambia nini? Ndipo nilipoanza uongo wangu. Nikawaletea majini wenye mafua, pweza wenye njaa, kuku aliyekuwa akijibu salamu. Wakacheka mpaka wakashika matumbo yao waliyofungwa, wakanilaani kwa maumivu, kesho wakaniita tena. Kwa hiyo jina langu, Bi Mwanabaraka, ni jina la udi na la uongo kwa pamoja. Mie nikisema mvua inanyesha, watu huchungulia dirishani kwanza. Hilo halijanisumbua maisha yangu yote, ila siku ile kizingitini.

Ridha ni fundi simu, ana kibanda sokoni. Kijana mpole, hajapata kukaa kwenye kiti mbele yangu mie nikiwa chini. Siku moja, Shamima yuko miezi ya mwisho ya mimba, nilikwenda uani kumwaga maji nikamkuta nyuma ya jiko, wingu linamtoka puani kubwa kuliko yeye. Mkononi ana kitu kidogo kama kidole gumba, kina taa ya buluu, na uani kote kunanukia embe bivu na peremende.

"Nini hicho, baba?"

Maskini, alikohoa mpaka machozi yakamtoka. Atamwambiaje bibi wa mkewe kuwa anavuta sigara ya umeme? Akatazama chini, akatazama paa, akasema, "Ni... ni chetezo, bibi. Chetezo cha umeme."

Na mie niliyedanganya mji mzima, nikadanganyika kwa neno moja. Miaka yote hiyo makaa yananiunguza vidole, majivu yanaingia machoni, kumbe watu wametengeneza chetezo cha kutia mfukoni! Hakina moto, hakina jivu, kinanukia matunda. Nikamwona Ridha kijana mwenye adabu zake, anajifukiza kabla ya kwenda msikitini. Nikamwombea dua pale pale.

Mtoto alipozaliwa, akaitwa Suhaib, nilitayarisha udi mzuri kuliko wote niliopata kuutia motoni. Shamima akanizuia. Mkunga wa kliniki kamwambia mtoto mchanga asivutishwe moshi, wa jiko wala wa udi.

"Moshi basi, bibi. Usinikasirikie."

Sikumkasirikia. Nilikwenda kukaa jikoni peke yangu. Watoto wa Jadida nzima nimewafukiza, kitukuu changu apite arobaini yake ananuka maziwa tu kama mtoto wa paka?

Shamima alipomaliza likizo akarudi kufundisha skuli ya maandalizi, Suhaib akabaki na mie mpaka adhuhuri. Ridha alikuwa kamwapia mkewe kuwa hicho kitu chake hakitavutwa ndani ya nyumba, na kweli, mchana alikiacha kwenye tundu la ukuta wa jiko asije akakivuta dukani mbele ya wateja. Jioni akikitumia hutoka hadi nyuma ya uwanja. Nami nilishamsikia barazani akiwaambia wenzake, "Huu si moshi, huu mvuke tu, hauna neno."

Mvuke! Shamima kakataza moshi. Mvuke hakuutaja.

Nikafurahi kama mtoto aliyepata ufunguo wa kabati la halua.

Hakina tundu la kutia udi, hicho chetezo. Nilikigeuza-geuza mpaka nikafahamu kuwa kinataka kuvutwa. Basi kila asubuhi, Shamima akishatoka, nampakata Suhaib, najifunika kanga mie na yeye kama tunavyofanya kwenye kufukiza, navuta najaza mashavu, nampulizia chini ya kanga. Mara tatu. Namtajia Mtume. Kichwa kinanizunguka, moyo unakwenda mbio, nasema, naam, dawa imeingia. Mtoto akakohoa. Nikasema uchafu unatoka.

Akaendelea kukohoa. Nikaona tatu hazimtoshi, nikampulizia tano.

Siku ya sita au ya saba Shamima aliporudi akakuta kifua cha mtoto kinabonyea kila akivuta pumzi, na ndani kuna mluzi, mwembamba, kama mlango unaofunguka mbali. Tulikwenda hospitali tukapanda bodaboda mbili, mie nimemshika dereva wa watu kiunoni, sikumwona hata njia.

Muuguzi, Bi Rahila, alimwekea mtoto hewa, akamtuliza, kisha akauliza, "Nyumbani kuna anayevuta?"

Shamima alichukua shali la mtoto akalinusa. Embe. Akamtazama Ridha, aliyetufuata kutoka sokoni, kasimama pale mlangoni na viatu mkononi.

"Uliapa," akamwambia.

"Na nimetimiza. Wallahi sijavuta ndani ya nyumba tangu azaliwe."

"Usimtaje Mungu!"

"Niletee msahafu, Shamima. Niletee niushike."

Ridha akaushika, kesho yake, mbele ya baba yake mwenyewe, Mzee Mbarouk. Na Shamima, kwa kuwa pua yake haimdanganyi, akaamini kuwa mumewe kashika msahafu akasema uongo. Kuvuta angemsamehe. Hilo hapana. Ridha akachukua shati moja akaenda zake kwa baba yake Mtambwe.

Mie nilikuwa nimekaa kwenye benchi pale hospitali, na moyo umeshaanza kunong'ona. Shamima alipotoka kwenda kuchukua dawa, nilimsogelea Bi Rahila.

"Mwanangu, nikuulize. Kuna bibi mmoja huko Kojani, si mtu wetu, ana kile kichetezo cha umeme. Ule si mvuke tu? Kama wa birika?"

"Si mvuke wa maji, bibi. Ndani mna sumu ile ile ya tumbaku, na madawa ya kunukisha, na chembe ndogo huzioni kwa macho. Mtoto mchanga anapumua haraka kuliko sisi, na mapafu yake bado madogo. Hata akivutia mtu mzima karibu yake, mtoto anavuta na yeye. Na sumu hiyo inaganda kwenye nguo, kwenye mkeka, mtoto anaramba."

"Na huyo bibi akiwa kampulizia mtoto hasa? Kwa nia njema?"

Bi Rahila akaacha kuandika.

"Kampulizia usoni?"

"Nimesikia tu."

"Basi mwambie huyo bibi aache leo hii. Na ile chupa ya maji ya kichetezo hicho aiweke mbali, mtoto akiinywa anaweza kufa. Na mwambie pia, bibi, asione vibaya, hata chetezo cha makaa kisikae chumba kimoja na mtoto."

"Nitamwambia," nikasema. "Bibi mwenyewe mkaidi."

Nikakisingizia kisiwa nilichozaliwa. Watu wa Kojani wanisamehe.

Siku tatu nikanyamaza. Mie! Asubuhi nasema nitamwambia akishakunywa chai, adhuhuri nasema akishaswali, na Suhaib anarudiwa na pumzi kidogo kidogo, na shati la pili la Ridha limening'inia kwenye kamba hakuna anayelianua. Siku ya tatu, baada ya alasiri, Shamima akafunga mkoba. Ndipo nikanyoosha mguu.

"Toa mguu, bibi," akasema tena, sauti ya chini sasa.

"Hicho kitu unacho?"

"Ninacho. Ndio ushahidi wangu." Akakitoa mfukoni mwa mkoba. "Wewe hata kukiwasha hujui."

"Hakiwashwi. Kinavutwa. Taa inakuja yenyewe."

Uso wake ukasita.

"Ridha kakufundisha kusema hivyo."

"Njoo uani. Mtoto tumwache humu humu, mlango ufunge."

Tukatoka. Nikakaa kwenye kibao cha mbuzi, pale ninapokunia nazi. Nikajifunika kanga kichwani, mkono wa kushoto nikaukunja kama kwamba Suhaib amelala ndani yake, kiwiko juu kidogo ili kichwa chake kisilegee. Nikavuta. Nikajaza mashavu. Nikainamisha uso, nikapuliza taratibu pale ambapo uso wake ungekuwa. Moja. Na ulimi, kwa mazoea, ukamtaja Mtume. Nikasikia haya, haya ambayo sikuwahi kuijua, hata siku ya ndoa yangu. Ya pili sikuweza.

Nilipofunua kanga, Shamima kakaa chini kwenye sakafu, mkoba mapajani.

"Mara ngapi?"

"Kila asubuhi ulipotoka."

"Mpaka alipoanza kukohoa?"

Hapa ndipo ningeweza kupunguza. Miaka yote nimeongeza, siku moja kupunguza nani angejua?

"Alipokohoa nikazidisha. Nilidhani ndiyo dawa yake."

Akajiziba mdomo kwa kiganja. Hakulia. Aliniangalia tu, akaichunguza mikono yangu, hii iliyomshika yeye siku ya kwanza ya maisha yake, kama mtu anayechagua samaki huku hamwamini muuzaji.

"Na siku tatu, bibi. Siku tatu unamwona mume wangu anafukuzwa kwa kiapo cha kweli, umekaa."

"Nimekaa."

"Na ulimi wote huo!"

"Nilikuwa naona haya."

"Haya ya nini? Ya mimi?"

"Ya wote. Wanawake wa mtaa huu wameniwekea watoto wao mikononi, Shamima. Wangapi walikohoa nikasema uchafu unatoka? Nikiwaza hilo, ulimi unakauka."

Ndani Suhaib alikohoa, kikohozi kidogo kikavu. Tukageukia mlango sote wawili mpaka kikapita.

"Sikuachi peke yako na mtoto tena," akasema Shamima.

"Ndiyo."

"Sijui kwa muda gani."

"Ndiyo, mwanangu."

"Na Ridha utamwambia wewe. Si mimi. Kwa mdomo wako, na mbele ya baba yake, maana mbele yake ndipo nilipomwita mwongo."

"Nitamwambia."

"Utamwambia nini? Nisikie. Bila pweza."

Nikajaribu. Nikakaa sawa kwenye kibao, nikafuta mdomo kwa pindo la kanga. "Nitamwambia: Ridha, baba, ulinambia chetezo, na mie—"

"Usianze na yeye! Anza na wewe."

"Nitamwambia: Ridha, baba, mie ndiye niliye—"

"Assalaam alaykum," sauti ikasema mlangoni mwa ua.

Alikuwa Ridha, na nyuma yake Mzee Mbarouk, wamekuja na mfuko mtupu kuchukua nguo zilizobaki. Ridha aliona kwanza mkoba wa mtoto mapajani mwa mkewe. Kisha akaniona mie, na kilichomo mkononi mwangu, kile chake cha taa ya buluu.

Shamima akainuka. Kabla ya kuitikia salamu nikasema, "Ridha, baba, ni mie niliyempulizia mtoto."