Rangi ya Mahira Kisimani

Mahira, mke wa kakangu, alikuwa na mikono ambayo sabuni haikuiweza. Wiki hii kucha zambarau, wiki ijayo kijani.

Kakangu alipoachishwa kazi bandarini Kilindini, Mahira hakukaa kulia. Alinunua rangi za unga, magadi na masufuria makubwa, akaanza kutia nguo rangi uani: madira ya harusi, mitandio, vitambaa vya kufungwafungwa ambavyo wageni huvigombania. Watoto wakasoma. Paa likapata bati jipya. Hilo simnyimi.

Lakini yale maji ya kusuuzia! Ndoo kwa ndoo aliyamwaga kwenye shimo la uani, karibu na kisima tunachotekea maji nyumba nne. Hatuyanywi, yana chumvi, twaogea, twatawadhia.

"Wifi," nilimuuliza, "hiyo rangi yaenda wapi?"

"Chini."

"Na chini kuna nini?"

"Kuna mashetani, wifi. Nao wavae vya rangi!"

Akacheka, na kakangu akacheka, maana tumbo lake lilishibishwa na shimo lilo hilo.

Mamangu naye hakuniunga mkono. "Mwache mwanangu afanye kazi," alinambia. Mwanangu! Na mimi niliyetoka tumboni mwake je? Lakini Mahira ndiye aliyemlisha na kumwogesha tangu miguu ilipomkataa, tena alimwahidi: "Mama, siku yako ikifika, nitakuosha kwa mikono yangu."

Siku ikafika, mwezi wa Rajabu. Bi Fadhiya, mwosha maiti wa mtaa wetu, alituingiza chumbani sisi wanawake, akamtuma Mahira kisimani. Alirudi na ndoo nyeupe ya plastiki. Maji mle ndani yalikuwa na wekundu, kama yamesuuziwa nyama.

Bi Fadhiya akachota kwa kiganja, akanusa, akayaachia.

"Maji haya yamegeuka rangi. Hayamtoharishi mtu, sembuse maiti. Nani kayafanya hivi?"

Mahira akazificha kucha zake ndani ya mtandio.

Ikabidi tutafute maji ya mkokoteni, mtungi baada ya mtungi, na mama yuko kitandani amefunikwa, angoja. Mahira hakumwosha. Hakuna aliyemkataza. Alisimama mlangoni tu, kizingiti kikamshinda.

Basi, rangi ameacha. Masufuria ameuza, shimo ameliziba kwa saruji. Kakangu azunguka Mwembe Tayari kutafuta kibarua cha kubeba mizigo. Na kila asubuhi Mahira huteka ndoo moja, akaitazama.

Juzi nilimkuta pale kisimani. Wekundu ungaliko.

"Pengine mvua ikinyesha, wifi," alisema.

Nilikuwa na jibu kali ulimini, nikalimeza. Alikuwa amesimama na ile ndoo mkononi, hajui aimwage wapi.