Gari la Wagonjwa Siku ya Sabato

Kanuni mpya za magari ya wagonjwa zilitufikia Migori katika miaka ya kwanza ya Uhuru, nami nilizisoma zote. Nilikuwa dresa, yaani mfunga vidonda, katika kituo cha afya cha halmashauri. Kwa kuwa sikukaa shuleni sana, nilikuwa na desturi ya kusoma kila kilichopigwa chapa, hata maagizo ya kwenye makopo ya dawa ya mbu. Kanuni zilikuwa nzuri. Zilitaka breki zishike, taa ziwake, machela iwe na mikanda, na vifaa vyote viwe safi na tayari. Kila mwaka mkaguzi wa serikali angekuja, dereva aliyeajiriwa angeliendesha gari mbele yake, kisha cheti kingetolewa. Gari lisilo na cheti lisingebeba mgonjwa. Sikuona kasoro katika maneno hayo, na hata leo sioni. Kasoro ilikuwa moja tu: mkaguzi alipanga kuja Jumamosi.

Dereva wetu alikuwa Msabato, na suala la gari alikuwa amelitafakari kuliko wachungaji wengi. Kubeba mgonjwa siku ya Sabato ni rehema, kwa hiyo alibeba, tena bila kunung'unika. Kuosha gari, kubadilisha gurudumu ambalo halijatoboka, na kukaguliwa ni kazi.

Mkaguzi alifika asubuhi kutoka Kisumu katika gari lake dogo, akamkuta dereva uani amevaa suti, Biblia kwapani.

"Mzee, washa tuone breki."

"Bwana mkaguzi, ukiugua sasa hivi nitakupeleka mpaka Homa Bay. Lakini kukaguliwa, njoo kesho."

"Kesho ni Jumapili. Mimi Mkatoliki, naenda misa."

"Basi tunaelewana."

"Hatuelewani hata kidogo! Jumatatu niko Kericho. Cheti chenu cha zamani kiliisha jana."

Msimamizi wa kituo, ambaye wote tulimwita Daktari ingawa hakuwa, akaona njia. Dereva huendesha akiwa na mgonjwa. Basi apatikane mgonjwa, na mkaguzi aangalie breki. Akapanda nyuma ya Landrova, akalala kwenye machela na viatu vyake, akashika tumbo.

Dereva alimtazama kwa huruma. "Daktari, shuka. Huyu unayemdanganya hakutoka Kisumu."

Msimamizi alikuwa bado anateremka garini wakati mgonjwa wa kweli alipoletwa, mwanamke aliyekuwa katika uchungu wa kuzaa. Wanaume wanne walikuwa wamembeba kitandani kutoka ng'ambo ya mto, na mama mkwe wake akitangulia kufukuza watu njiani. Nilifunua shuka. Mkono wa mtoto ulikuwa umetangulia nje, mdogo, wa buluu. Mtoto wa namna hiyo hasukumwi akatoka. Mama alihitaji daktari wa upasuaji Homa Bay, na kwa haraka, la sivyo tungewapoteza wote wawili.

Dereva alikwisha vua koti. Injini ilikuwa inanguruma tulipomwingiza mgonjwa. Mkaguzi akasimama mbele ya boneti.

Ni haki niseme kwamba hakuwa mtu mbaya. "Nimewahi kuokota maiti chini ya daraja," alisema, "kwa ajili ya breki za mtu aliyekuwa na haraka. Hili gari halibebi mtu mpaka likaguliwe."

"Na leo halikaguliwi mpaka libebe mtu," dereva akajibu kutoka dirishani.

Kila mmoja alikuwa sawa kwa kitabu chake. Mama mkwe aliwatazama kwa zamu, kama mtu anayetazama mafahali wawili waliofungana pembe katika shamba lake.

"Wewe bwana wa karatasi," akasema, "macho unayo? Miguu unayo? Si upande, ukague tukienda!"

Nilipitia kanuni kichwani. Hakuna mahali ziliposema gari likaguliwe likiwa limesimama. Nikalisema hilo, na mkaguzi, nadhani akiona nafuu, akapanda.

Barabara ya kupita Rongo ilikuwa ya changarawe za murramu na mashimo. Mkaguzi alikaa nyuma pamoja nasi, akiangalia mikanda ya machela, akisikiliza springi. Kwenye mteremko wa kwanza alipaza sauti: "Shika breki!" Dereva akashika, zikashika vizuri sana, sote tukaangukiana.

"Omera, ndugu yangu, ukisema breki tena nakutupa nje!" mama mkwe alifoka.

Baada ya hapo alikagua kimya kimya. Mgonjwa alipoanza kutetemeka nilimfunika blanketi jekundu, jipya, tulilokuwa tumelihifadhi katika karatasi yake kwa ajili ya siku ya ukaguzi. Alipotapika, mkaguzi ndiye aliyeshika beseni.

Homa Bay walimpokea mara moja. Mama mkwe akaingia naye, sisi tukabaki uani. Mkaguzi akalala chini ya gari, akatoka na vumbi, akaandika: breki nzuri, taa nzuri, machela nzuri. Beseni nilikwisha lisuuza. Akafika kwenye blanketi.

"Lina damu."

"Lina damu kwa sababu limefanya kazi."

"Kanuni inasema safi na tayari. Haisemi lilikuwa safi Migori."

Alikuwa ameinukuu sawasawa. Dereva asingeweza kulifua, kwani jua lilikuwa bado juu ya ziwa na Sabato haijaisha. Nikalifua mimi bombani, nikalitandaza juu ya ua wa miti. Tukasubiri blanketi likauke, au hivyo ndivyo tulivyojifanya. Kila mlango wa wodi ulipofunguliwa, sote watatu tuligeuka.

Upepo wa ziwa ulikuwa umelikausha mama mkwe alipotoka. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye ua ule, akalivuta blanketi, akalikunja kifuani.

"Mama," mkaguzi akasema, "hilo ni la serikali."

"Na mtoto anayelia huko ndani bila nguo ni wa nani?"

Hivyo ndivyo tulivyojua.

"Na mama yake?" nikauliza.

"Anaomba uji." Akaingia na blanketi.

Mkaguzi aliangalia ua mtupu, kisha karatasi yake. Palikuwa na nafasi mbili: lipo na halipo.

"Blanketi," alisema akiandika, "lipo. Linatumika."

Akatia sahihi, akamnyooshea dereva cheti. Dereva hakukipokea.

"Kiweke pale kitini, bwana. Nitakichukua jua likizama."

Mkaguzi akakiweka. Gari lake lilikuwa Migori, nasi hatukuwa na mgonjwa wa kurudi naye. Tukakaa watatu kwenye ngazi za wodi, tukilitazama jua, ambalo halikuwa na haraka yoyote.