Swichi ya Oili Niliyoifuata Korogwe

Nilitoka Chanika, mjini Handeni, kwa sababu ya taa ndogo nyekundu. Shangazi yangu Mwanahawa, aliyenipokea hapo baada ya kuzurura kwangu, alikuwa na pikipiki ya marehemu mumewe, iliyonizidi umri. Niliifufua kwa wiki tatu. Injini ikaitika, lakini taa ya oili haikuzima, na swichi yake, kidude cha ukubwa wa kidole gumba ubavuni mwa injini, ilikuwa inavuja.

"Ijumaa mnunuzi wa chuma chakavu anapita," alisema shangazi. "Taa ikiwa bado inawaka, anaondoka nayo. Sitaki pikipiki ya marehemu ikuue."

Jirani alinishauri nichomoe balbu. "Itazima sasa hivi," alisema, na hakuwa anatania. Nilikataa. Sijawahi kudumu mahali wala na kitu, na shule niliiacha darasa la sita. Hii nilitaka niimalize.

Alhamisi, saa moja asubuhi, nililegeza swichi nikapiga kiki. Oili iliruka ikanichafua shati, nikafurahi: pampu ya oili ilikuwa nzima, ubovu ni wa swichi tu. Nikakaza, nikaongeza oili, nikabeba chupa ya akiba, nikashika njia ya Korogwe kutafuta swichi mpya.

Saa tatu nilisimama kwenye nyika kavu kupima oili. Mchungaji mmoja wa Kimaasai aliacha ng'ombe wake akaja kuangalia.

"Anaumwa?"

"Kidogo. Akiumwa anawasha hii taa."

"Afadhali. Wangu wananyamaza tu. Anayenyamaza ndiye anayeninyima usingizi."

Nilicheka, nikaendelea.

Korogwe nilifika saa tano. Muuza spea, mama wa makamo aliyeitwa Mama Shekiango, hakutaka maelezo.

"Shikamoo, mama. Natafuta swichi ya—"

"Marahaba. Leta mfano."

Niliifungua ya zamani palepale mlangoni kwake. Aliifuta kwa khanga, akapitisha ukucha kwenye meno ya swichi, akachakura ndoo ya spea za magari madogo. Ya tatu iliingia vizuri kwenye tundu la injini, kwa vidole tu.

Kwa kuogopa kuvuja tena, niliizungushia tepu nyeupe ya mafundi bomba, mizunguko minane, nikaifunga. Nikapiga kiki. Taa haikuwaka hata kidogo. Nilimwita Mama Shekiango aje aone kazi.

"Zima injini," alisema. "Sasa washa ufunguo tu. Taa iko wapi?"

"Imezima, mama. Imepona."

"Imekufa. Injini ikiwa imelala, oili haisukumi, kwa hiyo taa lazima iwake. Swichi inapata umeme wa kurudi kwa kugusa chuma cha injini. Wewe umeivalisha sanda." Akanipa kitambaa. "Wanaume wa Handeni na tepu. Toa yote. Meno haya yamechongwa kama kigingi, yanajibana yenyewe. Kaza kwa mkono, halafu spana kidogo tu. Ukizidisha, utapasua injini."

Nilitoa tepu, uzi kwa uzi, nikakaza kama alivyosema. Nikawasha ufunguo: nyekundu. Nikapiga kiki: taa ikazima. Nikapitisha kidole chini ya swichi, kikarudi kikavu. Niliijaribu mpaka jioni, nikalala kwa jamaa wa Mama Shekiango jirani na stendi, na alfajiri nikashika njia, jicho moja barabarani, jingine kwenye ile taa.

Ijumaa, saa nne, niliingia Chanika. Mnunuzi alikuwa ameshafika na mkokoteni wake. Nilizima injini, nikawasha ufunguo shangazi aone.

"Si inawaka?" alisema, akageukia mkokoteni. "Nilijua tu."

"Subiri, shangazi."

Nilipiga kiki. Taa ikazima. Nikazima injini, nikawasha ufunguo, ikarudi. Nilirudia mara tatu, mpaka akaniambia inatosha, nitachosha kiki. Aliweka mkono kwenye kiti cha mumewe, kisha akamwambia mnunuzi, "Baba, chukua lile karai bovu. Hii bado inasema."

Tangu siku hiyo, kila asubuhi nawasha ufunguo kwanza na kuitafuta ile nyekundu. Nisipoiona, siondoki.